Sifuri ya Mama Éliane

Siku Mama Éliane alipotangazwa kuwa hafanyi kazi, alikuwa na magamba ya ndagala mpaka kwenye nyusi.

Ilikuwa asubuhi. Mitumbwi ilikuwa imerudi, na samaki walikuwa wamepimwa na kutandazwa. Kwenye mwalo ule, ufuko wa mitumbwi chini ya mtaa wa Kataki, vichanja vya kukaushia samaki vilibaki vichache tangu ziwa lilipopanda na kula mchanga, na mwanamke mwenye kichanja alikitunza kama mkulima anavyotunza shamba lake. Kichanja cha Mama Éliane kilikuwa kimejaa ncha hadi ncha. Alikuwa anageuza ndagala, samaki wadogo kama dagaa, kwa viganja, taratibu, zisivunjike vichwa, wakati Papa Omer, prezida wa Umoja wa Wakaushaji, alipopanda juu ya kreti ya bia na kuinua telefone yake.

"Bamama, musikie," alisema. "Mradi umetuomba vichanja visivyotumika vipewe wenye kuhitaji. Mimi sikuchagua muntu. Nimeuliza Msaidizi, na Msaidizi amejibu."

Msaidizi alikuwa akili bandia iliyowekwa na mradi uliowapa pia mizani, kwenye kompyuta ya biro, ofisi ya umoja. Ukimuuliza kwa Kiswahili ni samaki kiasi gani wamepimwa, au bei ya soko la Kabalo imefika wapi, anatafuta kwenye data za umoja na kukujibu kwa sauti ya mwanamke mpole. Bamama walikuwa wamemzoea. Walipenda hasa vile alivyosema "mama" kabla ya kujibu, jambo ambalo makarani wa mjini walilisahau mara nyingi.

Omer alisoma kwanza jina la mwanamke aliyehamia Moba, na hakuna aliyeshtuka. Kisha akasoma kwa sauti iliyofika kwenye mitumbwi: "Mama Éliane, mke wa Papa Banza. Hajapima hata kilo moja tangu mvua zilipoanza. Kadi yake ya umoja imesimama. Kichanja chake kinapewa Mama Consolate. Atoe vitu vyake, kesho saa sita mahali pawe tupu."

Kuna waliocheka, wakidhani ni mzaha. Omer hakucheka.

"Papa Prezida," alisema Mama Denise, jirani wa kichanja, akiwa bado ameinama, "geuka kidogo uangalie nyuma yako. Hivi vinavyong'aa hapa kwa Éliane ni nini? Majani ya mihogo?"

"Ni samaki wako, Mama Denise. Zimepimwa kwa jina lako."

"Ni za likelemba."

"Zimepimwa kwa jina lako," alirudia Omer.

Hakuna mtu pale ambaye hakujua likelemba ni nini. Ndagala huvuliwa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti samaki, na mitumbwi inalala. Kila giza linaporudi, wanawake wa kikundi kimoja wananunua pamoja na kukausha pamoja, kila mmoja juu ya kichanja chake, lakini kwenye mizani samaki wote wanaandikwa kwa jina la mwenye zamu. Yeye ndiye anayeuza, na kwa mara moja anapata kitu kizito cha kushika mkononi, badala ya kila mtu kupata makombo. Giza hili lilikuwa la Denise. Lijalo lilikuwa la Mama Éliane, ambaye tangu mwanzo wa mvua alikuwa amewakaushia wenzake bila kukosa asubuhi. Na jina ambalo kadi yake imesimama, mizani hailipokei.

"Omer, na wewe unajua," alisema Mama Éliane. Hakumwita prezida, na watu walilisikia hilo. "Bibi yako wa ndoa, Claire, tuko naye likelemba moja. Zamu yake njo ilitangulia ya Denise. Baada ya miezi michache mashine yako itasema Claire naye ni muvivu. Utapanda tena juu ya kreti?"

Safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. Omer alikunja shingo.

"Mimi najua mambo mengi, mama. Mradi hautaki kile Omer anajua, unataka kile data inasema." Akashuka kretini, akapangusa suruali yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana: "Ukitaka kulaumu, anza kwako. Njo mutoto wako alifundisha mashine."

Pembeni, beseni tupu kiunoni, alisimama Consolate, mjane aliyeteremka na watoto wake kutoka mwambao wa kaskazini. Alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake. Mama Éliane alimwona, akarudi kugeuza samaki. Mikono ilijua kazi hata kama kichwa kilikuwa mbali.

* * *

Nyumbani kwa Papa Banza vitanda vilisimama juu ya matofali. Ziwa lilikuwa limeingia, likatoka, likaingia tena, na ukutani maji yalikuwa yameacha mistari, mmoja juu ya mwingine, kama kipimo cha mtoto anayekua. Walikuwa na kiwanja juu kwenye mlima, kimesafishwa, msingi umechimbwa. Mabati ndiyo yaliyokosekana. Mabati hayo yangenunuliwa kwa zamu ya Mama Éliane ya likelemba. Walikuwa wameyaombea mpaka watoto wa jirani waliyajua kwa mita.

Papa Banza alifanya kazi kwenye kituo cha umeme cha Bendera hadi mgongo ulipomkataa. Sasa alikuwa anakaa mlangoni, miguu juu ya kibao, na kuongea na kila anayepita. Mchana ule hakuongea na mtu. Jirani mmoja alikuwa amekuja kuuliza, kwa adabu kubwa, kama wavu wa kichanja cha Mama Éliane unauzwa, "maana nimesikia mama ameacha kazi."

"Mwambie ninauza na mume," Mama Éliane alijibu kutoka jikoni. "Wavu bila mume siuzi."

Jirani aliondoka akicheka, lakini Mama Éliane alikaa chini karibu na chungu na hakuinuka kwa muda.

Cécile alirudi kutoka biro jua likiwa bado kali. Alikuwa binti yao wa kwanza, na mshahara wake wa majaribio ndio pekee uliokuwa unaingia nyumba ile kwa tarehe inayojulikana. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Mama, nimesikia."

"Kaa."

"Papa Omer aliniita. Amesema nikigusa yale maneno kwa ajili yako, kazi imekwisha leo leo."

"Kaa, Cécile. Maneno gani?"

Cécile akakaa juu ya kitanda, na kwa kuwa kitanda kilikuwa juu ya matofali, miguu yake ilining'inia kama ya mtoto. Akaeleza. Msaidizi hana macho. Hajawahi kuona mwalo wala ndagala. Ana zana tu: moja inamletea uzito, nyingine bei, nyingine majina ya wenye kadi. Kwa kila zana, Cécile ameandika maneno machache: inaleta nini, na ishikwe wakati gani. Msaidizi akiulizwa swali, anasoma maneno hayo, anachagua zana, na jibu linalotoka analifahamu kwa maneno hayo hayo.

"Kile nimeandika, anakijua," alisema Cécile. "Kile sikuandika, kwake hakiko duniani."

"Lete nisome."

"Nitakusomea."

"Nimesema nisome."

Mama Éliane alikuwa anakwenda shule ya jioni kwenye parokia, katika darasa la watu wazima, pamoja na wanawake waliomaliza kuzaa kabla ya kujua kuandika majina ya watoto wao. Alisoma polepole, kidole juu ya kioo cha telefone, na maneno yalitoka mdomoni mwake moja moja, kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki.

"Zana ya uzito. Huleta uzito wa samaki wa kila mwanachama. Itumie kujua nani anafanya kazi."

Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akarudisha telefone.

"Ni wewe uliandika hii?"

"Njo mimi, mama."

"Na likelemba?"

"Sikuiandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila muntu anajua," alisema Cécile. "Niliandika kama ninaandikia muntu wa hapa. Hata haikunijia kwamba kuna asiyejua."

Papa Banza akaguna kutoka mlangoni. "Basi hapa mwalo mugeni ni mmoja tu, na njo huyo mulimpa kazi ya kuhukumu." Alinyoosha mgongo kwa uchungu. "Kule Bendera, mugeni akifika tulimutembeza. Tulisema, huu mukono wa mashine unazima umeme hapa. Halafu tulisema, lakini hauzimi pale, usijidanganye. Hiyo ya pili njo ilikuwa inaponesha bantu."

"Papa, naijua hiyo. Walitufundisha. Sema zana inaleta nini, sema pia haileti nini." Akaigeuza telefone kifudifudi. "Naijua, na sikuifanya."

Maji yaligonga ukuta wa nyuma, pole pole, kama mgeni asiye na haraka.

"Naweza kubadilisha sasa hivi," Cécile alisema, akipangusa macho. "Hapa hapa, kwa telefone. Nani atajua? Kesho Papa Omer akiuliza tena, jina lako halitoki."

Hapo ndipo Mama Éliane alipoinuka.

"Apana. Yeye alinitoa juani, mbele ya bantu. Wewe unirudishe gizani? Watasema nini? Watasema Éliane alirudi kwa mulango wa nyuma, mutoto wake alimufungulia. Na mashine itakuwa imesema kweli siku ile, imesema uongo siku hii. Utabadilisha, lakini mbele ya kila mutu, na mimi nitakuwa nimesimama pale."

"Nitapoteza kazi, mama."

"Labda." Alimtazama binti yake. "Sikulazimishi. Kazi ni yako. Lakini usinifanyie kwa siri kitu ambacho ni haki yangu."

Kabla ya kula walishikana mikono. Papa Banza aliomba kwa ajili ya chakula, kwa ajili ya mgongo, kwa ajili ya mabati. Zamu ya mama ilipofika, aliomba kama mtu anayeongea na jirani kupitia ua: "Bwana, wewe umeniona kila asubuhi, na hukuhitaji mizani. Sikuombi kichanja leo. Nakuomba nisimwogope Omer. Na huyu mutoto, umupe moyo. Kama hatakuwa nao, usimuhesabie. Amina."

Cécile alisema amina kwa kuchelewa.

* * *

Asubuhi iliyofuata Mama Éliane hakutoa kitu chochote juu ya kichanja. Alifika mapema, akaweka kiti chake kidogo mbele yake, akaketi, rozari mkononi, khanga imefungwa kiunoni kama mwanamke anayekwenda kupigana.

Consolate alikuja akiwa na beseni, na beseni lilikuwa limejaa. Alikuwa amechukua ndagala kwa mvuvi kwa ahadi, akiamini ana mahali pa kuzitandaza. Alipoona kichanja kimejaa na mwenyewe ameketi mbele yake, alisimama, jasho likimtoka.

"Mama, jambo," alisema.

"Jambo."

"Waliniambia iko tupu."

"Unaona vile iko."

"Nilipofika jana nikaona imejaa, nikasema labda ni za muntu mwingine, alipewa ruhusa." Consolate alihamisha beseni kutoka kiuno hadi kiuno. "Sijue desturi ya hapa. Kwetu tunazungusha pesa. Hatuzungushe samaki."

Mama Éliane alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Consolate alikuwa kijana kuliko alivyomfikiria. Jua lilikuwa linapanda, na samaki ndani ya beseni hawakuwa na kesi na mtu, wangeoza tu.

"Weka chini," alisema. Akainuka, akaanza kusogeza ndagala zake upande mmoja, akizibana, safu juu ya safu, kitu ambacho hakuna mkaushaji anayekipenda. "Tandaza hapa nusu. Pole pole. Usitupe kama mahindi."

"Mama, mimi njo nilipewa mahali pako, na wewe unanisogezea?"

"Sikukusogezea mahali. Nimesogezea samaki. Mahali tutaongea saa sita."

Walitandaza pamoja bila maneno. Denise, kwenye kichanja chake, alitazama, akatikisa kichwa, akasema peke yake lakini kwa wote kusikia: "Éliane akifika mbinguni atamuuliza Petro kama amekula." Ndipo Mama Éliane akamweleza Consolate likelemba ya samaki, tangu mwanzo, kama anavyoelezwa mtu aliyeshuka kwenye boti leo. Consolate aliuliza maswali mengi. Mengine yalikuwa maswali ambayo hakuna mtu wa mwalo ule aliyewahi kuyauliza, kwa sababu wote walizaliwa wakijua majibu.

"Na Papa Omer anajua haya yote?" aliuliza mwishoni.

"Wewe hukujua. Mashine haikujua. Omer anajua."

* * *

Saa sita Omer alikuja, akakuta nusu za ndagala za wanawake wawili juu ya wavu mmoja. Kabla hajasema lolote, Mama Éliane alianza kutembea kuelekea biro. Hakuwaita wenzake. Denise aliacha kazi akamfuata, kisha mwingine, kisha Claire, mke wa Omer, akijifuta mikono kwenye khanga bila kumtazama mume wake.

Biro ya umoja ilikuwa chumba kimoja chenye baraza. Cécile alikuwa ndani, mbele ya kompyuta. Aliwaona kupitia dirisha. Alifanya ishara ya msalaba, akabeba kompyuta na meza yake ndogo, akaviweka barazani juani, mahali ambapo kila mtu angeweza kuona.

"Nani amekuambia utoe vyombo vya umoja nje?" Omer aliuliza.

"Hakuna, Papa Prezida. Nimejiambia." Akageuza kioo kuwaelekea wanawake. "Nataka bamama wasikie maneno niliyoandika. Ni machache."

Akasoma. Zana ya uzito. Huleta uzito wa samaki wa kila mwanachama. Itumie kujua nani anafanya kazi. Wanawake walikuwa wanangoja mengine.

"Ni hayo tu?" aliuliza Denise.

"Ni hayo tu."

"Kwa hayo tu walimutoa Éliane?"

"Ni kosa langu," alisema Cécile. "Msaidizi alifanya kama nilivyomuandikia. Sasa ninaandika upya."

"Unaandika upya kwa sababu ya mama yako," Omer akasema. Aliwageukia wengine, mikono wazi. "Bamama, munaona? Leo anabadilisha kwa mama yake. Kesho kwa shangazi. Mashine itakuwa ya familia ya Banza. Mimi nitawaambia nini watu wa mradi? Wakifunga mizani, wakichukua kompyuta, mutakuja kumulilia nani?"

Hofu yake haikuwa ya uongo. Alikuwa ameuahidi mradi majina, na jina moja la mwanamke aliyehamia Moba lilikuwa dogo mno kwa ripoti. Wengine waliitikia kwa kichwa, kwa maana mizani ile waliipenda. Kabla yake wanunuzi walipima kwa macho, na macho ya mnunuzi ni mepesi daima.

"Sitaandika jina la mama yangu," alisema Cécile. "Sitaandika jina la mutu yeyote. Na nikimaliza, hatasoma mama kwanza, wala Mama Denise, wala mimi. Atasoma mutu ambaye hajui hapa." Akatafuta kwa macho. "Mama Consolate, nisaidie. Ukae hapa."

Consolate alishtuka. "Mimi? Mimi njo ninapewa kichanja."

"Njo maana."

Cécile akaandika, akitamka kila neno. Zana hii huleta kilo zilizoandikwa kwenye mizani, na jina zilipoandikwa. Wanawake wengi hufanya kazi kwa likelemba, na samaki wa kikundi kizima huandikwa kwa jina la mwenye zamu. Alipofika hapo akamgeukia Consolate, ambaye alikuwa anasoma huku midomo ikicheza.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa." Consolate alisita. Alimtazama Omer, akatazama vichanja kule chini, ambapo nusu ya samaki ilikuwa yake. Ilikuwa rahisi kwake kunyamaza. Kila mtu pale alijua hivyo, na walingoja. "Lakini nikiwa mimi mashine," alisema, "niko na zero mbele yangu. Nitajuaje kama ni zero ya likelemba, ao zero ya muvivu?"

"Kwa zana hii hautajua."

"Basi uniandikie vile. Uniambie sitajua. La sivyo nitabahatisha, kama vile nilibahatisha jana."

Mama Éliane aliachia rozari yake ianguke kwenye kiganja.

Cécile aliinama, akaandika. Sifuri mbele ya jina haimaanishi kwamba mwanamke hafanyi kazi, wala kwamba kichanja chake ni kitupu. Zana hii haijui nani yuko kikundi gani. Usiitumie kujibu nani anafanya kazi. Ukiulizwa hivyo, sema kwamba hujui, na mwambie anayeuliza aende kuangalia vichanja.

"Papa Prezida," alisema, "uulize wewe mwenyewe. Swali lile lile."

Omer hakutaka, lakini macho yalikuwa mengi, na ya mke wake yalikuwemo. Aliinama kwenye kompyuta na kuuliza kama anayeongea na mtoto: "Msaidizi, ni mwanachama gani hatumii kichanja chake?"

Sauti ya mwanamke mpole ilijibu, na ilimwita papa kwanza. Ilisema kwamba ina kilo na majina, lakini kwa kilo hizo haiwezi kujua nani anatumia kichanja na nani hatumii, kwa sababu samaki wa kikundi huandikwa kwa mwenye zamu. Ilisema: "Tafadhali, nenda ukaangalie vichanja."

Claire ndiye aliyecheka wa kwanza. Alijaribu kuzuia kwa khanga, ikashindikana. "Omer," alisema, "vichanja viko pale. Hata viatu haviingii mchanga."

"Rudisha maneno ya kwanza," Omer alimwambia Cécile. Masikio yake yalikuwa yamewaka.

Cécile alisimama. Akavuta kiti nyuma, akakipangusa kwa mkono.

"Kaa, papa. Andika wewe. Andika kwamba zero ni uvivu, na uyasome kwa sauti ukimaliza. Mimi siandiki tena."

Omer alikaa. Watu wote waliona akikaa. Aliweka mikono miwili kwenye vibonye. Nyuma yake walikuwa Denise, na Claire, na wanawake ambao walimkaushia mama yake mzazi samaki wakati Omer alipokuwa mtoto. Alitazama kioo, mahali palipometa pakingoja neno. Kisha akaondoa mikono, mmoja mmoja, akainuka.

"Kadi itarudi," alisema bila kumtazama mtu. "Nitampa kesho hapa biro. Na wewe, Cécile, majaribio yako yanaisha na mwezi huu. Hatutaendelea."

"Sawa," alisema Cécile. "Mwezi haujaisha. Kuna zana nyingine sijaziandika vizuri. Mama Consolate, kesho utakuwa na nafasi?"

Lakini Mama Éliane alikuwa hajasogea.

"Sitaki kadi hapa biro," alisema. "Uliitoa mwalo, juu ya kreti, mitumbwi ikiwepo. Utairudisha mwalo, juu ya kreti, mitumbwi ikiwepo."

"Mama, usizidishe."

"Sijazidisha. Nimesawazisha."

* * *

Omer alikawia. Mwezi ulikua, mitumbwi ikalala, vichanja vikabaki wazi juani, na kadi ilikuwa bado ndani ya mfuko wake. Mara mbili alimtuma mtu kuileta nyumbani, na mara mbili Mama Éliane aliirudisha, ya kwanza kwa maneno ya upole na ya pili bila maneno. Papa Banza alimwambia labda aipokee tu, maana mabati hayajui kreti. "Mabati hayajui," alikubali. "Mimi ninajua." Jioni alikwenda darasani, na kwenye barabara ya kurudi aliomba, na alipokuwa haombi aliogopa.

Cécile alimaliza mwezi wake. Kila siku alikaa barazani na Consolate, wakisoma maneno ya zana moja baada ya nyingine, na kila mahali Consolate aliposema "hapa sielewe," Cécile aliandika upya. Siku ya mwisho alirudisha ufunguo, akaja nyumbani, akavua viatu vya biro na kuviweka juu ya matofali, mbali na maji. Asubuhi yake alikwenda mwalo na mama yake.

Giza lilikuwa limerudi, na zamu ilikuwa ya Mama Éliane. Mitumbwi iliingia kabla ya jua kuwa kali, mizito, maji yakikaribia kingo. Kikundi kilinunua. Mabeseni yakapangwa mbele ya mizani, ya Denise, ya Claire, na mwishoni ya Consolate, ambaye wanawake walimkubali kati yao. Angekausha kwenye nusu ya kichanja cha Mama Éliane mpaka nafasi ya mama aliyehamia Moba itengenezwe. Karani wa mizani alikaa, kidole juu ya kioo, akangoja jina. Hakuna aliyelitaja. Wote walikuwa wamegeuka kuelekea kwenye kreti.

Omer alikuja akitembea kama mtu anayetafuta kitu mchangani. Claire alikuwa amempita asubuhi bila kumwekea chai. Hilo lilijulikana baadaye. Akapanda juu ya kreti. Akasema, haraka, kwenye ukosi wa shati lake, kwamba kadi ya Mama Éliane mke wa Banza ilisimamishwa kwa kosa, na kwamba imerudi.

"Sauti, Prezida," alisema Mama Éliane. "Siku ile tulikusikia mpaka kwenye mitumbwi."

Wavuvi waliokuwa wanakunja nyavu waliacha kukunja. Omer alivuta pumzi, akasema tena, tangu mwanzo, na safari hii maneno yalivuka maji.

Mama Éliane alikwenda akaichukua kadi mkononi mwake. Alisema asante, kwa sababu alifundishwa hivyo, na akarudi kwenye mizani.

"Kwa jina la nani?" aliuliza karani.

Aliinua beseni la kwanza, lile la Consolate, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

"Andika," alisema. "Nitaangalia unavyoandika. Siku hizi ninasoma."